Picha Imekwama, Sauti Inaendelea

Ndugu msomaji, duniani kuna aibu nyingi, lakini aibu ya kuitwa fundi sebuleni kwenu, mbele ya watu wazima, huku moyoni unajua kabisa kwamba wewe si fundi, hiyo acha tu. Mimi imenipata. Ilinipata Jumamosi moja saa 2 usiku, nyumbani kwetu Tandika, mbele ya baba, mama, mjomba, majirani wanne na bibi yangu mzaa baba.

Tulikuwa tumekusanyika kutazama video ya sendofu ya dada. Dada mwenyewe alishaolewa, yuko Mwanza kwa mumewe. Mpiga video alikuwa ametuzungusha kwa muda wa miezi miwili, leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa, hadi mchana wa siku hiyo ndipo alipomkabidhi mama flashi ya gigabaiti 64. Ilikuja kwa bahati njema, maana bibi alikuwa anaondoka kesho yake. Bibi ni wa Tunduru. Kwenye sendofu hakuwepo, kwa sababu wakati ule mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa anatambua watu kwa sauti tu. Baadaye ndipo alipoletwa mjini, akapasuliwa jicho la kulia, akapona. Basi lake lilikuwa la Jumapili saa 12 asubuhi.

"Nataka nimwone mjukuu wangu kwa jicho langu jipya," alisema, akavuta kiti mpaka mbele kabisa.

Nikachomeka flashi kwenye kompyuta, nikabonyeza. Ukumbi ukatokea, maua yakatokea, emsii akaanza kubwata. Halafu dada akaingia mlangoni na gauni lake la rangi ya dhahabu, mdomo wazi akicheka... na hapo hapo akaganda. Sauti ikaendelea. Muziki unapigwa, vigelegele vinalia, emsii anasema, "Mpokeeni, mpokeeni!" lakini dada kaganda mlangoni na mdomo wazi kama sanamu ya duka la nguo. Baada ya sekunde kadhaa picha ikaruka, dada akajikuta katikati ya ukumbi. Ikaganda tena.

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Mtaalamu yupo, wasiwasi wa nini?" mjomba akasema.

Hapa lazima nikuibie siri, msomaji wangu. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019, matokeo yalipotoka nikawa nimechemsha. Dingi hakunigombeza. Alistaafu udereva, akachukua shilingi 350,000 katika akiba yake, akanilipia kozi ya kompyuta ya miezi sita. Kulipa ilikuwa kwa awamu. Awamu ya kwanza, 120,000, niliipeleka chuoni, nikasoma wiki sita. Awamu mbili zilizobaki, jumla yake 230,000, hazikufika. Mimi nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na wakati huo riwaya yangu ilikuwa imefika kurasa 212. Nikachapisha nakala tatu, nikazifunga kwa waya wa plastiki, nikazipeleka kwa wachapishaji watatu. Chenji ikaishia kwenye nauli na chipsi mayai, tusidanganyane. Kila asubuhi niliaga kwamba naenda chuo, nikaenda kukaa maktaba. Miezi sita ilipokwisha nikasema nimehitimu. Cheti? "Bado hakijatoka, mzee."

Kwa hiyo usiku ule nikazuga. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Ikawa vile vile. Nikachomoa waya wa HDMI unaokwenda kwenye televisheni, nikaupuliza, nikauchomeka. Nikaondoa programu ya VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, nikaiweka upya. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha kila nilichokiona. Sasa ikawa kasheshe: picha inakwama na sauti nayo imepotea kabisa! Kabla sijagusa tulikuwa na ugonjwa mmoja, baada ya mimi kutibu tukawa na mawili.

Majirani wakaaga mmoja mmoja. Mjomba akasema elimu ya siku hizi ni vyeti tu, naye hakujua kwamba mimi hata hicho cheti sikuwa nacho. Bibi hakulalamika. Alisimama akiegemea bega langu, akasema, "Usijali, mume wangu. Nitamwona siku nyingine." Msomaji, heri angenitukana.

Saa 5 usiku nyumba ilikuwa kimya. Mimi niko sakafuni mbele ya ile kompyuta, natafuta cha kubonyeza ambacho sijakibonyeza. Mlango wa chumbani ukalia, baba akatoka na msuli wake, akaketi kwenye kiti alichokuwa amekalia bibi.

"Picha ilikuwa inakwama, sauti inaendelea. Ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Na sauti imepotea baada ya wewe kuanza kushika-shika?"

"Ndiyo."

"Umebadilisha vitu vingapi?"

Sikuweza kuhesabu.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo siku zote nililichukulia kama hadithi za wazee. Baba yangu, kabla hajawa dereva, alikuwa mwendesha deki katika banda la video. Mwaka 1991 alikuwa na umri wa miaka 24. Ninyi wenzangu wa umri wangu mtashangaa, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka mwaka 1994. Visiwani walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, ila huku Bara mtu akitaka picha alikwenda sinema au bandani. Banda lilikuwa na mabenchi, televisheni moja, deki moja, na kijana mmoja wa kuhakikisha mkanda hauliwi na deki wakati watu mia wamelipa viingilio. Huyo kijana ndiye baba.

"Sikiliza," akasema. "Banda likigoma, mimi nilikuwa na vitu vinne: mkanda, deki, waya, televisheni. Mmoja wapo ndiye mwizi. Unabadilisha kimoja, unatazama. Hakikusaidia, unakirudisha kilivyokuwa, unakwenda cha pili. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, hata picha ikikaa sawa hutajua nani alikuwa mwizi, na kesho atakuibia tena. Haya, tuanze na sauti, maana hiyo umeiua wewe mwenyewe."

Tukaanza na sauti. Niliporudia hatua zangu moja moja, nikagundua jambo la kijinga mno. Nilipochomoa waya wa HDMI, kompyuta iliona televisheni imeondoka, ikahamishia sauti kwenye tundu lake la spika, lililo nyuma ya kasha. Tundu hilo halina spika. Kwa hiyo sauti ilikuwa inatoka vizuri kabisa, ila inatoka kwenda hewani. Nikabonyeza alama ya spika pembeni mwa kioo, nikachagua televisheni. Sauti ikarudi. Kazi ya nusu dakika!

"Mgonjwa mmoja kapona," baba akasema. "Sasa weka filamu yoyote ya zamani."

Nikaweka filamu ya mapigano aliyokuwa akiitazama kila Ijumaa. Ikatembea kama maji. Kwa hiyo televisheni si mwizi, waya si mwizi, na VLC si mwizi. Tukabaki na watuhumiwa watatu: flashi, faili, na kompyuta yenyewe.

Nikanakili faili lote kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski ya ndani. Tukalijaribu kutokea huko, likakwama vile vile. Flashi ikaachiwa huru. Baba akauliza kama hilo faili lenyewe halijaharibika. Nikamwamsha mdogo wangu, ana simu nzuri kuliko mimi. Tukachomeka flashi kwenye simu kwa kile kipachiko kidogo, tukabonyeza. Dada akaingia ukumbini, akacheka, akatembea mpaka kwenye kiti chake bila kuganda hata mara moja. Faili ni zima!

"Amebaki mmoja," baba akasema, akaiangalia kompyuta kwa jicho baya.

Nikafungua ile orodha inayoonyesha prosesa inafanya kazi kiasi gani. Wakati wa filamu ya zamani ilikuwa asilimia 15. Wakati wa sendofu ikapanda mpaka 100, ikaganda pale pale juu, na feni ikaanza kunguruma kama bajaji inayopanda mlima. Halafu nikafungua ukurasa wa VLC unaoeleza faili limefungwaje. Filamu ya zamani: H.264, upana wa nukta 1280 kwa 720. Sendofu ya dada: H.265, nukta 3840 kwa 2160, fremu 50 kila sekunde.

Sasa hapa, ndugu msomaji, ngoja nikueleze nilichokielewa usiku ule, maana hata kama wewe hujali kompyuta, mbele utaona kwa nini nakwambia.

Video ni picha za mnato zinazopita haraka. Kila picha ya sendofu ile ilikuwa na nukta 8,294,400. Ukiziandika zote bila kuzibana, baiti tatu kwa kila nukta, mara picha 50 kwa sekunde, unapata zaidi ya gigabaiti 1.2 kwa sekunde moja tu. Flashi yetu ya gigabaiti 64 isingemaliza hata dakika moja ya sherehe! Ndiyo maana video hufungwa, kama mtu anavyokunja nguo ili zienee kwenye begi. Badala ya kuandika kila picha upya, inaandikwa picha moja nzima, halafu zinazofuata zinaeleza tu ni kitu gani kimesogea. H.264 ni namna ya kukunja iliyotoka mwaka 2003. H.265 ilitoka mwaka 2013, nayo inakunja zaidi, takribani nusu ya ukubwa kwa picha ya ubora ule ule. Lakini kukunja sana kuna bei yake: anayefungua begi ndiye anayetoka jasho.

Prosesa nyingi zina sehemu maalumu ndani yake iliyotengenezwa kufungua mikunjo inayoijua, na inapofanya hivyo prosesa yenyewe inapumzika. Kompyuta yetu, iliyonunuliwa mtumba Kariakoo, ina Core i3 ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011. H.264 inaijua. H.265 ilikuja duniani miaka miwili baada yake! Ingeijulia wapi? Kwa hiyo ilikuwa inafungua kila kitu kwa mikono mitupu, inachelewa, na VLC ili isiachwe nyuma na sauti inatupa picha zilizochelewa. Sauti ni mzigo mwepesi, ndiyo maana iliendelea kama kawaida. Dada hakuwa ameganda. Picha zake zilikuwa zinatupwa.

Na kichekesho chenyewe ni kwamba televisheni yetu ni ya inchi 32, nukta 1366 kwa 768 basi. Hata kama kompyuta ingeweza, ule ubora wote usingeonekana. Tulikuwa tunaiua punda kwa mzigo ambao mwisho wa safari ungemwagwa.

"Si ubovu," baba akasema polepole. "Kapewa mzigo usio wake." Halafu, bila kunitazama: "Na haya ndiyo waliyokufundisha kule chuoni?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kuzuga. Nilikuwa nimeyazoea. Lakini usiku ule, baada ya kumtazama mzee wa watu akimtafuta mwizi mmoja mmoja kwa utulivu ule, nikaona mwizi wa kweli kakaa sakafuni.

"Baba, chuo nilisoma wiki sita."

Nikamwambia yote. Awamu zile mbili, maktaba, nakala tatu za riwaya, wachapishaji watatu. Wawili hawakunijibu mpaka leo. Wa tatu alinirudishia mswada na mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu: "Ni mrefu mno, punguza." Nilipomaliza, feni ya kompyuta ndiyo iliyokuwa ikisema peke yake.

Baba hakupiga kelele. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akasugua goti lake. Kisha akasema, "Zile hela nilikuwa nizipeleke kwenye mguu huu." Basi. Hakuongeza neno. Mimi sikujua kwamba mguu ulikuwa unamuuma kiasi hicho. Sikuwahi kumuuliza.

Baadaye akasema, "Utanilipa. Shilingi kwa shilingi. Sasa maliza kazi ya bibi yako, saa zinakwenda."

Dawa tuliijua: kulifungua lile faili na kulikunja upya kwa mkunjo wa H.264, nukta 1280 kwa 720, fremu 25 kwa sekunde. Ipo programu ya bure inayoitwa HandBrake, nikaipakua kwa bando la mdogo wangu. Nikabonyeza kuanza, nikatazama kasi: fremu 9 kwa sekunde. Nikapiga hesabu, nikachoka. Video ilikuwa ya saa tatu. Saa tatu ni sekunde 10,800, mara 50 ni fremu 540,000. Kwa kasi ile ingechukua zaidi ya saa 16. Na bibi anaondoka saa 12 asubuhi.

"Tukampe simu atazame," nikasema.

"Jicho halijatimiza mwezi tangu lipasuliwe, umpe kioo cha kiganja?" Baba akasimama. "Huwezi kumpa yote. Mchagulie."

Tukapiga hesabu upya. Dakika 18 ni fremu 54,000. Kwa kasi ya 9 ni sekunde 6,000, yaani saa moja na dakika 40. Hiyo inawezekana.

Kwanza baba akaniambia nizime kompyuta na kuchomoa waya wa umeme. Tukafungua kasha. Vumbi la ndani, msomaji, ungedhani mtu alifuga kuku! Feni ya prosesa ilikuwa imevaa blanketi. Prosesa ikipata joto sana hujipunguzia mwendo ili isiungue, na hapo unapoteza hata ile nguvu ndogo uliyo nayo. Baba akachukua brashi ya kupakia rangi, mpya, kavu, akaanza kufagia taratibu huku amezuia feni kwa kidole, kama vile alivyokuwa akisafisha kichwa cha deki kwa spiriti. LUKU ilikuwa imebakiza uniti mbili. Akaenda kuzima friji.

Kisha tukakaa na simu ya mdogo wangu, baba anatazama, mimi naandika dakika nyuma ya mswada wangu, maana ndiyo karatasi iliyokuwa karibu. Hapo ndipo tulipoanza kubishana.

Mimi nilitaka vitu vizuri. Nilitaka dada anavyoingia na taa zikimfuata. Nilitaka pale kamera ilipozunguka juu ya ukumbi. Nilitaka keki ya ndafu ikiletwa na fataki. Baba akakubali baadhi. Lakini akafika mahali pamoja, saa ya pili dakika ya 41, akasema, "Hapa. Andika."

Nikatazama. Picha mbaya kabisa. Foleni ya zawadi, watu wanasukumana, jamaa wa mapambo kaziba nusu ya kamera kwa mgongo wake. Shangazi anaonekana kidogo kwa pembeni, anamfunga dada kanga kiunoni, emsii anasema jambo ambalo halisikiki vizuri kwa muziki.

"Baba, hapa hamna kitu. Sekunde 40 za mgongo wa mtu."

"Andika."

"Tutapunguza pale kamera inapozunguka juu?"

"Punguza."

Nikaandika kwa shingo upande. Saa 7 usiku kazi ikaanza. Baba hakurudi kulala. Alikaa na mguu wake juu ya stuli, anatazama namba zikihesabu. Katikati ya kusubiri akauliza, "Hiyo hadithi yako inahusu nini?" Nikamweleza kwa dakika kama kumi. Alipoona sijafika mwisho akasema, "Na wewe unahitaji HandBrake." Sikujua kama ni mzaha. Nikacheka, yeye hakucheka.

Saa 9 kasoro dakika kumi na tano faili likawa tayari. Tukalijaribu. Dada akaingia mlangoni na gauni lake la dhahabu, akacheka, akatembea. Prosesa asilimia 12. Nilitaka kupiga kelele, baba akaniwekea kidole mdomoni.

Saa 10 na nusu bibi aliamka kujiandaa kwa swala. Alipomaliza tukamketisha kwenye kiti chake. Mama akaja na chai. Nikabonyeza.

Bibi alitazama kimya. Dada akaingia, bibi akatikisa kichwa tu. Taa, keki, fataki, kimya. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba haoni. Halafu zikaja zile sekunde 40 za mgongo wa jamaa wa mapambo. Bibi akainuka kwenye kiti, akasogea hata pua yake ikakaribia kioo.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Nikarudisha mara tatu. Kumbe ile kanga ilikuwa ya kwake. Alimpa shangazi doti ya kanga, akamwagiza, "Mfunge mbele za watu, wajue kwamba ana bibi." Alikuwa kipofu wakati ule, hakuichagua kwa macho, aliichagua kwa kusomewa maneno dukani. Miezi miwili alikuwa akijiuliza kama kweli ilifika, kama kweli alifungwa mbele za watu, au iliachwa kwenye rundo la zawadi. Hakumwuliza mtu, alitaka kuona. Kutwa nzima ile aliyokaa akisubiri video, alikuwa akisubiri sekunde 40 ambazo mimi nilitaka kuzitupa ili nibakishe kamera inayozunguka juu ya ukumbi.

Video ilipokwisha akauliza, "Ndiyo hiyo tu? Nilisikia sendofu ilikesha."

"Mengine watu walikuwa wanakula, mama," baba akajibu.

"Aa. Basi." Akanigeukia. "Ahsante, mume wangu. Kumbe fundi kweli."

Nikamtazama baba. Yeye akatazama chai yake.

Bibi tulimsindikiza stendi, akaondoka. Dirishani alikuwa bado anaisimulia ile kanga kwa abiria wa jirani yake ambaye hakumjua.

Sasa, ndugu yangu unayesoma, ikiwa una kompyuta sebuleni na siku moja picha itakugomea, usifanye kama mimi. Usiguse kila kitu. Jaribu faili jingine kwanza: likitembea, televisheni na waya ni wazima. Likigoma lile moja tu, lihamishie ndani ya diski, kisha lijaribu kwenye chombo kingine. Tazama prosesa: ikifika 100 huku picha inarukaruka, angalia faili limekunjwaje, pengine ni jipya kuliko mashine yako. Futa vumbi. Sauti ikipotea, angalia imeelekezwa wapi kabla hujalaumu spika. Na ukishindwa yote, likunje upya kwa udogo, macho ya wenyeji hayatajua tofauti.

Ama wewe mwenzangu unayeandika, ya kwako nadhani umeshaiona. Mimi kurasa 212 nilizijaza kamera zinazozunguka juu ya ukumbi. Yule mchapishaji aliposema nipunguze, nilimwona adui. Sasa nimeutoa mswada, nikaugeuza, nyuma yake mna ile orodha ya dakika tuliyoiandika usiku ule, kwa mwandiko wangu, na mahali pamoja kuna neno "Andika" ambalo baba alilipigia mstari kwa kalamu yake mwenyewe. Kila ukurasa najiuliza ni nani anayesubiri nini hapa. Nimefika ukurasa wa 90, na zilizobaki kati ya hizo ni 51.

Mchana natembea Tandika nzima nikitengeneza kompyuta na televisheni za watu. Nabadilisha kimoja, natazama. Kila Jumamosi jioni nampelekea baba bahasha. Mpaka leo nimelipa 60,000. Bado 170,000.